Yuniki gani hiyo na tuko wanne?

Mhariri, habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa hapa Mtwara, leo nina la moyoni kuhusu neno moja tu, yuniki.

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Mikindani, nikaingia duka moja hapa mjini kutafuta gauni la kitenge, muuzaji ananiambia "hili dada ni yuniki sana, hulikuti kwa mtu", basi nikalipa hata bei sikuomba kupunguziwa. Nafika ukumbini wa kwanza nakutana naye mlangoni, wa pili kakaa meza ya mbele, wa tatu ndo mama mzazi wa bi harusi, kitenge kilekile mshono uleule mpaka vile vifungo vya mgongoni. Mpiga picha kajua tumeshona sare akatupanga tupige ya pamoja. Sare ya watu wasiojuana!

Sasa hili neno ni la Waingereza, nao walilitoa kwa Wafaransa, ukilifuata nyuma unafika kwenye Kilatini, unus, yaani moja. Sio zuri, sio adimu, moja. Ndo maana ukiandika very unique kuna walimu wanakupigia mstari mwekundu, kitu kikiwa kimoja kimeshakuwa kimoja, hakiwi kimoja sana. (Na wanasema a unique, sio an unique, kwa sababu sauti inaanza na yu, hapo wanangu wawili wote waliangukia.)

Haya, wenyewe Waingereza tangu karne ya 19 walishalilegeza, kamusi zao siku hizi zinaweka na ile maana ya kitu kisicho cha kawaida. Lao hilo. Ila sisi tunahangaika nalo la nini wakati tunayo yetu mawili na kila moja lina kazi yake? Mtoto wa pekee mama yake hana mwingine, mtoto wa kipekee wanaweza wakawa saba pale nyumbani ila yeye ana mambo yake. Yule muuzaji angesema gauni la kipekee wala nisingeandika barua.

Anayetaka yuniki ya kweli akamwangalie fundi wa kinyago cha Kimakonde, anafuata gogo la mpingo lilivyojipinda, watu wanabebana mabegani mpaka juu na wote ni gogo moja hamna kiungo, mwambie atoe kingine vilevile uone, atatoa kizuri ila sio kile. Hata mjusi wetu wa Tendaguru kule Lindi, yule dinosaria aliyepo makumbusho ya Berlin, Ujerumani, anayepita mita 13 kwenda juu, amesimamishwa kwa mifupa ya mijusi zaidi ya mmoja.

Gauni bado ninalo, nalivaa nikienda sokoni. Juzi hapo kwenye samaki nimekutana na wa tano.

Msomaji wenu, Mtwara