Waya wa omo usikazwe kwa kubahatisha

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi na mabaharia wanaotunza mashua za kisasa za matanga mawili, kuanzia Kilifi na Mtwapa hadi Msasani. Waya wa omo, ule unaoshuka kutoka juu ya mlingoti hadi omo, yaani mbele ya mashua, na kubeba tanga la mbele, mara nyingi hukazwa kwa kubahatisha. Kusi likishika, mashua haibishi, yaani haipandi kuelekea upepo unakotoka. Inalala ubavu na kuteremka upande wa demani, unakoelekea upepo, kisha lawama anatupiwa mshika usukani.

Upepo huusukuma waya ukaingia tumbo, yaani ukapinda katikati. Tumbo hilo linapeleka kitambaa cha ziada ndani ya tanga, nalo linakuwa na kina kirefu. Kaskazi ikiwa nyepesi, au kukiwa na mawimbi mafupi, kina hicho kinaipa mashua nguvu, kwa hiyo tumbo kidogo liachwe. Upepo ukifika nodi 18 au 20 ni hasara tupu.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia henza, kamba ya kupandishia tanga. Henza hunyoosha makunyanzi ya ukingo wa tanga na kuvuta kina kije mbele, lakini tumbo la waya liko palepale. Linalolipunguza ni kukaza waya wa tezi, ule unaoshikilia mlingoti kwa nyuma. Kwa mashua ambazo mikono ya mlingoti, ile inayotanua nyaya za pembeni, imeelekea nyuma, kazi kubwa hufanywa na nyaya za ubavuni.

Kabla ya mkazo, tazama urefu. Waya wa omo ukiwa mrefu mno, kila unachokaza tezini kinaulaza mlingoti nyuma tu, mpaka skrubu ya kukazia inafika mwisho na tumbo bado lipo. Legeza waya wa tezi, funga henza ya akiba omoni uikaze ishike mlingoti, toa pini, kisha fupisha waya wa omo. Paka grisi kwenye nyuzi za skrubu kwanza, maana chuma kisichoshika kutu kikizungushwa kikavu huumana na hakitoki tena. Shika kichwa cha waya kwa spana ya pili usije ukausokota. Rudisha pini zote.

Mkazo upimwe, na kipimo chake ni rula ya mita 2. Waya wa tezi ukiwa umelegea, funga ncha ya juu ya rula kwenye waya huo kwa utepe imara, ncha ya chini iguse kichwa cha waya bila kufungwa. Kaza. Kwa waya wa kawaida wa nyuzi 19, kila milimita 1 ya mwanya unaofunguka pale chini ni asilimia 5 ya nguvu ya kuukata waya, uwe mnene au mwembamba. Milimita 4, yaani asilimia 20, inatosha kwa mashua nyingi za matembezi.

Wapo wanaotaka waya unyooke kabisa. Tuseme waya una urefu wa mita 10 na tanga linausukuma kwa kilo 5 kila mita. Ili tumbo libaki sentimita 10, unahitaji mkazo wa kilo 625. Ukitaka sentimita 5, ni kilo 1,250, sentimita 2.5, kilo 2,500. Waya wa milimita 6 hukatika karibu na tani 3! Kabla haujakatika, mashua yenyewe imeshapinda na milango ya ndani haifungi. Tumbo la asilimia 1 hadi 1.5 ya urefu wa waya ni zuri kabisa. Ukiwa unabisha, weka jicho chini ya waya utazame juu. Kama tanga linakunjwa kwa mtambo, pima upana wa bomba lake mapema, ulitumie kukadiria tumbo.

Mkifika nangani, legezeni waya wa tezi. Kuuacha umekazwa wiki nzima kunaipinda mashua bure.

Pia pitisheni pamba mahali waya unapoingia kwenye kichwa cha chini, ndipo maji ya chumvi hutuama. Pamba ikinasa, uzi mmoja umeshakatika. Waya huo ubadilishwe kabla mashua haijatoka tena, hata kama haujatimiza miaka 10.

Fundi wa nyaya na matanga,
Mtwapa