Barua kwa Mwanangu: Hilo Embe Nalijua

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Kile kidude chako cha rangi ya machungwa ulikisahau chini ya kiti cha gari nilipokupeleka Miritini kupanda treni. Ninacho. Mama yako sijamwambia, wala sikuandiki kukugombeza. Umeshakuwa mtu mzima, na hizo vepu, sigara za umeme za kuvuta mvuke, najua zimejaa huko chuoni. Nataka tuzungumze habari ya ladha tu, maana hiyo ndiyo kazi iliyokusomesha.

Wajua kiwandani mimi nilikuwa chumba cha kuchanganyia: arki ya ndizi, ya vanila, ya embe, tone kwa tone kwenye pipi. Basi nikakinusa. Kimeandikwa Embe la Barafu, na aliyekitengeneza ni fundi, hilo simnyimi. Embe bivu mbele, sukari iliyoungua kidogo nyuma yake. Nikakitia mdomoni bila kuvuta: ubaridi, na mnanaa haupo hata chembe. Siku hizi kuna kemikali iitwayo WS-23 inayoidanganya koo kwamba kuna baridi, bila harufu ile ya menthol tuliyokuwa tukiitia katika pipi za kikohozi.

Kisha nikakigeuza. Nikotini 5%, yaani kama miligramu 50 kwa kila mililita. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, mwisho ni 20. Nikotini ya kiasi hicho ikija peke yake ingekukereketa ukohoe hadi machozi. Juul, watengenezaji wa vepu, walipoingia sokoni Marekani mwaka 2015 waliichanganya na asidi ya benzoiki, jamaa ya ile inayotiwa kwenye sharubati isichache. Asidi ikaondoa ukali. Ubaridi nao unaituliza koo, na embe linakufanya utamani tena. Hayo hayakutiwa humo kwa kukupendeza wewe.

Utaniambia arki hizi zinaliwa. Kweli zinaliwa, lakini zilipimwa kwa tumbo. Mwaka 2000, jimbo la Missouri huko Marekani, wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda cha bisi waligunduliwa na ugonjwa adimu wa mapafu. Mirija midogo imeingia makovu, pumzi haipiti. Chanzo kilikuja kujulikana kuwa mvuke wa daiasetili, arki inayotoa harufu ya siagi. Bisi watu walikula bila neno. Ilipofika 2015 watafiti wa Harvard walipima vepu na maji yake ya ladha aina 51, wakaikuta daiasetili katika 39. Sisemi yako inayo. Juu ya ganda lake hawakuandika arki hata moja, na mimi kiwandani, pipa nisiloambiwa kilichomo nilikuwa silifungui.

Mjomba wako aliyevuta sigara tangu ujana, akiziacha zote akahamia vepu, amepunguza madhara, na mimi sitamkataza. Wewe hukuwa na sigara ya kuihama.

Wenzetu Marekani mwaka 2020 walipiga marufuku ladha za matunda katika vepu za kubadilisha kibweta, kile kikasha cha maji ya ladha. Zile za kutumia na kutupa wakaziacha, na vijana wakahamia huko huko, wakifuata tunda. Ndipo nikajiuliza: likitolewa embe ikabaki ladha ya tumbaku tupu, ungeendelea? Kama hapana, basi ni embe ulilopenda, na maembe tunayo. Kama ndiyo, ni nikotini, na hiyo haishindwi kwa kujikaza tu. Ukiamka ukiitafuta kabla ya chai, jua ndiyo hiyo. Famasia wana vibandiko na chingamu za nikotini za kukupunguzia polepole. Muulize mfamasia kiasi, na gharama ni juu yangu.

Nipigie Jumapili baada ya alasiri. Mama yako huwa Kisauni kwa dadake, tutasema kwa nafasi.

Babako

Mombasa