Risala ya Klabu ya Roboti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ufundi Chuoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu, na tunakushukuru wewe kwa kufika mwenyewe, maana tumeshazoea kuletewa mwakilishi ambaye kila tukimwambia kitu anajibu "nitafikisha".

Historia haitachukua muda. Klabu ilianza na vijana wachache na gari la kuchezea lililong'olewa mota, na kilichotuvuta ni kazi za Profesa Emilio Frazzoli ambaye akiwa chuo cha MIT kule Marekani, yeye na mwanafunzi wake Sertac Karaman, walitoa mwaka 2011 njia ya kumpangia roboti mwendo inaitwa RRT*. Yani kompyuta inatupa nukta ovyo kwenye ramani, inaziunganisha kama matawi yanayokwepa vizuizi mpaka tawi moja lifike unakotaka. Ile RRT ya kwanza ya mtafiti Steven LaValle ya 1998 ikipata njia yoyote imeridhika hata kama inazunguka, hii yenye nyota inaendelea kuunganisha upya matawi na njia inazidi kufupika. Baadaye Frazzoli na mtafiti mwenzake Karl Iagnemma wakaanzisha kampuni ya nuTonomy, na Agosti 2016 kampuni hiyo ikapakia abiria Singapore kwenye teksi zinazojiendesha, japo injinia alikaa mbele kwa tahadhari.

Mheshimiwa, mafanikio yetu ni makubwa. Gari letu lenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kamera moja na laida ya bei nafuu, yaani kifaa kinachopima umbali kwa mwanga wa leza, limetoka mlango wa bwalo mpaka jukwaani lenyewe bila kugonga kitu, ukiacha ndoo ya mama wa usafi ambayo haikuwepo kwenye ramani. Tukumbushane tu kwamba mwaka 2004 kwenye jangwa la Mojave kule Marekani magari 15 yalishindanishwa kujiendesha, hakuna hata moja lililomaliza, lililokwenda mbali kuliko yote halikufikisha kilomita 12. Letu lilifika.

Sasa changamoto, na tunayo moja tu kwa leo, nyingine tumeziacha makusudi ili hii isipotee katikati.

Tunafanyia majaribio kwenye bwalo la chakula. RRT* ni hodari lakini inaiamini ramani uliyoipa, sasa sisi asubuhi tunalisukuma gari taratibu laida ichore ramani, ikifika saa saba meza zinavutwa watu wanakula na ramani yote inakuwa uongo. Tena laida ipo chini karibu na sakafu, inaona miguu ya meza tu, gari linadhani hapo katikati ni peupe linapita, kamera iliyo juu ya mlingoti inagonga ukingo wa meza, na kamera ya kwanza ndivyo ilivyokufa. Uji ukimwagika ndo balaa, tairi linazunguka palepale na gari linahesabu limeshasogea, basi kuanzia hapo kila kona linakata mapema. Likikosea hatujui kosa ni la programu au la uji. Selotepu za mistari ya barabara nazo tunabandika jioni, kesho zimefagiliwa.

Hata chuo cha ETH Zurich kule Uswisi, anakofundisha Frazzoli, wamewafundisha wanafunzi kwa Duckietown, kile kimji kidogo kilichoanzia MIT mwaka 2016 chenye barabara za kupanga sakafuni na bata wa mpira. Barabara zinakaa pale pale leo na kesho. Hicho tu ndicho tunachokililia, wala hatuombi Singapore.

Ombi letu ni stoo ya zamani nyuma ya karakana. Paa ni zima. Inahitaji sakafu isawazishwe kwa zege, umeme uvutwe kutoka karakana, na kitasa. Mchanganuo wa gharama umeambatanishwa, ni ule ule wa mwaka jana, tumebadilisha bei ya saruji tu kwa sababu nayo haikutusubiri.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, hili ombi si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisema "nimelichukua". Wa mwaka jana, tunamheshimu sana, alikuja na fundi kabisa, akapima, akapiga alama za chaki ukutani pa kuweka soketi, tukapiga picha ya pamoja, na tulipofuatilia tukaambiwa lipo mezani. Alama za chaki bado zinasomeka. Hatusemi haya kumlaumu mtu, tunasema ili usipoteze muda kuleta fundi mwingine kupima, vipimo tunavyo.

Mzee wa stoo yupo mstari wa nyuma, tumemuomba aje na ufunguo. Ni hapo nyuma tu, tukishapata soda tunaweza kwenda pamoja ukaione kabla dereva hajawasha gari.

Naomba kuwasilisha.