Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya yetu: vaeni glovu

Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima wewe na familia. Mimi si mzima, na hilo si geni kwako: nimeshaacha barua mbili ofisini kwako, na karani alizigonga muhuri nikiona.

Jumamosi tumezika. Kijana wa miaka 27, mvuta nyavu za dagaa hapa mwaloni. Alikuwa akipata choo chenye damu tangu mwaka juzi. Zahanati wakampa dawa ya bawasiri ya kupaka. Akarudi, wakampa tena. Mara ya tatu akaambiwa apunguze pilipili. Pilipili, Mheshimiwa! Mtu anayeshindia ugali na dagaa wa chumvi.

Kaburini nilisimama nimeshika ubavu, maana natembea na mfuko wa choo uliobandikwa tumboni, na jua lile lilikuwa limeanza kulegeza gundi yake. Nina miaka 34. Njia yangu ilikuwa ileile ya marehemu, ila mimi nilikuwa na injini ya mtumbwi ya kuuza. Kwanza niliambiwa kichocho. Sikubisha, nani aliyekulia ziwani hajawahi kuambiwa ana kichocho? Nikameza vile vidonge vikubwa vichungu, damu haikukoma. Ikaja amiba. Ikaja bawasiri. Miezi 14 hiyo. Nikimuuliza tabibu kama si saratani, anacheka: "Kijana kama wewe? Hiyo ni ya wazee."

Nikauza injini, nikapanda hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza. Daktari akavaa glovu, akaingiza kidole njia ya haja kubwa. Dakika moja haikuisha. Akanyamaza, nami nikajua. Uvimbe ulikuwa palepale, kidole kinaufikia. Kipande walichokata wakakipima baadaye, kikathibitisha: saratani.

Jirani yangu ana miaka 68. Yeye alitoa damu wiki mbili tu, zahanati hiyohiyo ikamwandikia rufaa. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, anatembea. Lakini nauliza kwa heshima zote: siku hizi mvi ndiyo barua ya rufaa?

Kitandani muda upo, nimesoma. Marekani walikuta kwamba waliozaliwa karibu na 1990 wana hatari mara nne ya saratani hii ya mwisho wa utumbo mpana, ukiwalinganisha na waliozaliwa karibu na 1950 walipokuwa na umri huohuo. Mwaka 2021 wakashusha umri wa kuanza kupima hata asiye na dalili, kutoka miaka 50 hadi 45. Na kijana hugundulika ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali mara nyingi kuliko mzee. Kwa nini sisi? Mke wangu analaumu soda na chipsi, mama analaumu kijicho cha watu, mimi siku nikiwa na hasira nalaumu hata maji ya ziwa. Kuchelewa, lakini, hakuhitaji kubahatisha. Kuchelewa nakujua kwa sura.

Mwaka jana ulisimama hapa mwaloni, ukavalishwa kofia, ukapewa sato wawili, ukatuahidi mashine ya kuchungulia utumbo kabla ya mvua za vuli. Vuli imepita, masika yamepita. Sato nadhani waliliwa.

Basi mashine iache, Mheshimiwa. Sitaiuliza tena. Naomba glovu. Anayetoa damu, awe na miaka 20 au 80, tabibu avae glovu ampime kwa kidole kabla ya kumwandikia dawa ya kupaka. Na damu ikiendelea baada ya dawa, apewe rufaa, hata kama kidole hakikuona kitu. Hakuna umeme unaohitajika, hakuna mtaalamu kutoka Dar. Glovu tu.

Kama bajeti ndiyo tatizo, Jumanne saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na boksi zima. Mwambie karani asiligonge muhuri.

Wako mtiifu,
Aliyekuwa mvuvi