Habari za Bosi

Jambiani, Jumapili jioni

Sahibu yangu Hamadi,

Assalaam alaykum. Asali nimeipata kwa yule kijana wa boti, chupa nzima na haikuvuja. Ahsante sana. Sisi hatujambo, mama tu na magoti yake.

Uliniuliza kama yule mbwa wa kizungu yuko bado. Yuko, na ndiye aliyenikalisha kuandika barua, maana habari zake hazienei kwenye ujumbe wa simu, na nyumbani nimeshakatazwa kulitaja jina lake wakati wa kula.

Unakumbuka nilivyompata. Machi 2020, wageni wanaondoka mmoja mmoja, yule mzungu niliyekuwa namlindia nyumba akanikabidhi funguo pamoja na kitoto cha mbwa cha miezi mitano. Alisema anarudi baada ya wiki sita. Mpaka leo wiki sita hazijesha. Bosi sasa ni jitu zima, mbwa wa aina ya German Shepherd hasa, na tangu awepo hakuna aliyethubutu kuingia kwenye banda la mbuzi wangu.

Basi mwezi uliopita alikuja bwana mmoja wa Paje. Ana jike la aina hiyo hiyo, amelivusha kutoka Dar es Salaam, na anataka kulipandisha. Akamzunguka Bosi kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akasema: nipe dume lako siku mbili tatu nikupe laki tatu, au uchague mtoto mmoja kabla ya mtu mwengine yeyote.

Laki tatu, Hamadi! Usiku ule ule nilishaliezeka banda kwa bati kichwani mwangu.

Asubuhi nikamwambia shemeji, yule Maalim. Mambo ya mate na unajisi tumeshayamaliza zamani: chombo cha mbwa mbali, nguo ya sala mbali, akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda mifugo na shamba ana ruhusa yake, hilo halibishi. Safari hii alikuja na jengine. Mtume (S.A.W.) amekataza kuchukua malipo ya kupandisha dume, na si mbwa peke yake, hata ngamia, hata beberu. Nilitaka kubisha, nikamkumbuka yule beberu mweusi wa mzee wako pale Konde. Nani aliwahi kumlipia? Mtu anamleta mbuzi wake, anamwacha, anarudi kumchukua, na akizaa huenda akakuleteeni mkungu wa ndizi. Maalim akasema mkungu huo hauna neno, ni zawadi, hakuna aliyeuwekea sharti. Bwana wa Paje nilipomweleza alicheka, akasema basi zile laki tatu tuziite zawadi.

Nikaona bora nimpeleke Bosi kwa daktari wa mifugo kwanza. Kwanza aliniuliza habari za jike: limepimwa bruselosisi? Ni ndugu wa ule ugonjwa unaowatupisha ng'ombe mimba, na mbwa akishaupata ni shida kumtoka. Kisha akaniuliza kama Bosi hufuatana na mbwa wa ufukweni, kwa sababu kuna uvimbe wa sehemu za siri unaohama mbwa kwa mbwa wanapopandana, na dawa yake ni sindano kila wiki kwa wiki kadhaa. Nikamwambia Bosi hatoki usiku. Akanitazama. "Nawe hulali?"

Nikamtajia pia kuwa akikimbia huruka kwa miguu ya nyuma yote miwili pamoja, kama sungura. Akasema hiyo huenda ikawa nyonga, ni maradhi ya aina hii ya mbwa na yanarithiwa. Wanaojua kazi humpiga dume picha ya eksirei akishatimiza miaka miwili, ndipo wakamwachia majike.

Akampapasa chini ya mkia. Akanyamaza, akapapasa tena.

"Huyu ana kende moja."

Hamadi, mie nimemwogesha mbwa huyu miaka yote hii. Nilijua! Nilidhani wa kizungu ndivyo walivyo.

Nyengine imebaki tumboni. Kawaida hushuka mtoto akiwa na miezi miwili hivi, na ikipita miezi sita haijashuka, ndiyo basi. Hilo nalo hurithiwa, na ile iliyobaki kwenye joto la tumbo ina hatari zaidi ya kugeuka saratani. Ushauri wake ni ahasiwe, zitolewe zote.

Nikampigia simu bwana wa Paje. Akasema, "Moja si inatosha?"

Inatosha kweli, daktari mwenyewe kasema anaweza kuzalisha. Hapo ndipo nilipokosa usingizi, kwa sababu neno la mwisho lilirudi kwangu. Jike hubeba mimba siku 63 tu, na wa aina hii kuzaa wanane si ajabu. Nikaanza kuwagawa kichwani. Wawili wa hoteli, mmoja wa yule jirani mwenye minazi... na wengine? Wanunuzi hapa ni wenye majumba ya ufukweni, na mwenye jumba akipanda ndege mbwa hubaki na mlinzi. Mie ndiye ninayejua wiki sita zina urefu gani.

Nimemwambia hapana. Hakufurahi, lakini nasikia ameshapata dume jengine Makunduchi. Banda nitaliezeka makuti kama kawaida. Bosi atahasiwa Jumamosi inshallah, na daktari kasema tangu usiku wake asile kitu.

Mke wangu anauliza kama akishahasiwa ataacha kubweka alfajiri. Nimemwambia nitakuuliza wewe, kwani babu yako alikuwa na mbwa wa kusaka. Basi nijibu, nipate la kumwambia.

Nisalimie wote hapo Wete.

Ndugu yako,
Makame