Vifaranga wa samaki wa mapambo wasiuzwe kwa jina la jozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wauzaji na wanunuzi wa samaki wa mapambo hapa Kigoma, hususan wanaofuga gapi, moli, plati na samaki wa mkia wa upanga, ambao huzaa vifaranga walio hai badala ya kutaga mayai. Imekuwa desturi kwa baadhi ya wauzaji kuwatia vifaranga wawili wa siku chache katika mfuko wa maji, kumwambia mteja kwamba amepata jike na dume, kisha kumtoza bei ya jozi. Madai hayo hayana msingi, kwa kuwa katika umri huo macho hayaoni tofauti yoyote ya kuaminika.

Alama ya kutegemewa ni pezi la chini, lile lililo nyuma tu ya tundu la haja. Vifaranga wote huzaliwa pezi hilo likiwa limetanuka, na jike hubaki nalo hivyo maisha yake yote. Kwa dume, kijiti cha tatu, cha nne na cha tano miongoni mwa vile vinavyolishikilia pezi hurefuka na kunenepa, nalo pezi hupungua upana na kuelekea nyuma, hadi likawa kiungo chembamba cha kupitishia mbegu. Kwa gapi, mabadiliko hayo huanza kuonekana katika umri wa takribani mwezi mmoja, kutegemea joto la maji na chakula. Anayetaka kuhakiki amweke samaki katika chombo chembamba cha kioo chenye maji ya tangi lile lile, akielekeze kwenye mwanga wa dirisha, kisha amtazame ubavuni kwa lenzi ya kukuza: dume aliyeanza kubadilika hutambulika kwa ukingo wa mbele wa pezi, ambao huwa mnene kuliko sehemu iliyobaki. Waliozoea kukagua sato kwa kumlaza chali na kuchunguza matundu yake wasiulete utaratibu huo huku, maana kifaranga wa gapi atakufa mikononi.

Wapo wanaotegemea rangi. Kwa gapi rangi husaidia kiasi, ingawa siku hizi kuna aina ambazo hata majike yake yana mikia ya kupendeza. Kwa moli na plati haisaidii kitu, kwa sababu jike na dume huvaa rangi zile zile. Doa jeusi la tumboni, karibu na pezi hilo, ni dalili nzuri ya jike, lakini kwa moli mweusi halionekani.

Ninalosisitiza ni kwamba dume huthibitika, ilhali jike mchanga hukisiwa tu. Pezi likishabadilika, shaka imekwisha. Lisipobadilika, huenda ni jike na huenda ni dume aliyechelewa. Samaki wa mkia wa upanga ndio wanaoongoza kwa kuchelewa, kwani wamo madume wanaokaa miezi kadhaa wakiwa na sura ya jike, na upanga wenyewe hurefuka baada ya pezi kuanza kubadilika. Hadithi nyingi za jike kugeuka dume, ambazo hata hapa Mwanga husimuliwa kwa kiapo, chanzo chake ni hicho.

Kuna jambo jingine ambalo mteja haelezwi. Jike akishapandwa huhifadhi mbegu za dume mwilini na kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa, takribani kila mwezi, hata akiwa peke yake. Kwa hiyo mfugaji anayetaka kulinda ukoo wa samaki wake hana budi kuwakagua vifaranga kila baada ya siku chache kuanzia wiki ya tatu, na kumtoa kila dume mara pezi linapoanza kubadilika. Asipofanya hivyo, asimwambie mtu kwamba anamuuzia jike asiyepandwa. Mnunuzi asiyejua haya hujikuta na tangi lililofurika, au na madume matatu yanayomkimbiza jike mmoja hadi adhoofike, kisha mawazo yake huelekea ziwani. Samaki hawa asili yao ni bara la Amerika, na Ziwa Tanganyika lenye siklidi (jamii ya samaki ambayo sato naye ni mmojawapo) wa spishi zaidi ya 200, karibu zote zisizopatikana kwingine, si mahali pa kuwamwaga. (Siklidi wetu wanaoonekana wakitema watoto hawazai vifaranga walio hai, bali hutaga mayai na kuyaatamia kinywani, hivyo kanuni ya pezi haiwahusu.)

Napendekeza kwamba vifaranga ambao pezi lao halijabadilika wauzwe kwa idadi, muuzaji akisema wazi kuwa jinsia haijajulikana, na bei ya jozi itozwe kwa samaki waliokwisha kukua tu. Mteja asiyetaka kabisa samaki wake wazaane auziwe madume waliothibitika peke yao.

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Mwanga, Kigoma