Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Afya ya Wanawake Wahamiaji Machimboni

Ndugu wanachama,

Kwa muda mrefu tuliupima umbali kati ya machimbo ya dhahabu yasiyo rasmi na zahanati kwa kilomita, na mwaka huu nimeridhika kwamba tulikosea kipimo. Mwanamke aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za kujikinga na VVU kabla ya saa 72 kupita, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho wake ni saa 120. Mhamiaji asiyejua lugha ya mahali, ambaye pia anahofia kuulizwa kibali cha ukaazi, saa hizo humwishia akiwa bado anatafuta wa kufuatana naye. Ndiyo maana kamati ilitanguliza kuwafundisha wasindikizaji, wanawake wenzao wanaojua njia na lugha, na jengo likaahirishwa. Wapo walionung'unika, maana jengo huonekana. Manung'uniko nimeyapokea, lakini uamuzi bado nautetea.

Zebaki imetushinda zaidi. Wanawake wengi hawashuki mashimoni: huponda mawe, ambayo vumbi lake huharibu mapafu na kufungulia mlango kifua kikuu, na huchoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, pengine kwenye jiko lile lile la chakula. Mvuke wa zebaki unaotoka hapo hauonekani, nao hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye ubongo wake ndio kwanza unaumbika. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, unazitaka nchi ambazo uchimbaji huu umeenea zipange namna ya kuwakinga wanawake wenye umri wa kuzaa, hasa wajawazito. Hata hivyo, mipango hiyo huanzia kwa waliosajiliwa, na wahamiaji hawa hawamo katika daftari la wachimbaji wala la wakazi.

Kuhusu kliniki ya wajawazito, Shirika la Afya Duniani linapendekeza tangu 2016 mahudhurio 8, ilhali dhahabu ikikauka mama huhama na kuanza upya kwa mhudumu asiyejua historia yake. Tumeanza kuwapa kadi wanazohama nazo. Baadhi yao waliomba nchi ya kuzaliwa isiandikwe, nasi tukaiondoa.

Usafiri wa usiku ndio unaokula sehemu kubwa ya mfuko wetu. Naomba mkutano huu uamue iwapo ada ya mwaka iongezwe ili usafiri huo usisimame.